Kufundisha Somo la Mji wa Kesho: Binadamu na Viumbe Wengine katika Mpango Mmoja

1. Utangulizi

Katika mazoezi ya kufundisha, mwanachuo mmoja wa chuo chetu alipangiwa Darasa la V katika shule moja ya mjini. Siku tuliyokwenda kumwona alikuwa ameandaa kipindi cha kuchora na kueleza, kwa mada "Mji wetu miaka hamsini ijayo". Sisi tuliketi nyuma ya darasa, fomu ya kupimia ufundishaji ikiwa mapajani. Watoto walichora kwa bidii. Michoro ilipobandikwa ukutani, karibu yote ilikuwa na maghorofa marefu, barabara zilizopandana na magari yarukayo angani. Hapakuwa na mti, wala ndege mwenye mbawa. Mwalimu yule, kwa nia njema, aliwaambia wanafunzi kwamba mji mzuri ni ule ambao viumbe wote huishi pamoja kwa upendo, akawataka waongeze wanyama katika michoro yao. Ndipo msichana aliyeketi karibu na dirisha alipoinua mkono akauliza, "Mwalimu, na mbu naye tumjengee?" Darasa likacheka. Mwalimu akatabasamu, akajibu kwamba viumbe wote ni rafiki zetu, akaendelea na somo. Yule msichana aliiweka penseli yake chini, wala hakuishika tena mpaka kengele ilipolia.

Baada ya kipindi, mwalimu wa darasa alitueleza kwamba mdogo wake yule msichana alifariki kwa malaria wakati wa masika yaliyotangulia. Fomu yetu ilikuwa imekwisha kujazwa: tulikuwa tumempa mwanachuo alama nzuri kwa "kuamsha ari ya wanafunzi". Swali lililokuwa na maana kuliko yote katika kipindi kile lilipita mbele yetu, nasi tukalidhania kuwa mzaha.

Makala haya yametokana na kosa hilo, ambalo lilikuwa letu zaidi kuliko la mwanachuo. Shabaha yake ni kumsaidia mwalimu anayejiandaa kufundisha shule za msingi aweze kuongoza somo la mji wa kesho kwa namna ambayo swali la mbu litapata nafasi yake. Tunachotaka kusisitiza ni hiki: kuwazia mji wa kesho si kuota ndoto, ni kupanga, na kupanga ni kugawa. Katika mji wowote, yuko kiumbe anayepewa nafasi, yuko anayewekewa mpaka, na yuko anayezuiwa. Na kila uamuzi una mtu anayeulipia gharama. Mwanafunzi aliyefundishwa kuuliza maswali hayo manne amejifunza jambo litakalomfaa akiwa mjenzi, diwani, bwana afya au mpangaji wa kawaida.

2. Kwa nini tufundishe somo hili

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728. Wanafunzi wa Darasa la V wanaweza kutoa wenyewe ubaoni, wakaona kwamba katika miaka kumi mkoa huo uliongezeka watu 1,019,187. Watu hao wote wanahitaji nyumba, njia, maji na mahali pa kutupa taka. Ardhi wanayoijenga haikuwa tupu. Ilikuwa na mikoko, mabwawa, vichaka na mashamba, na kila mahali hapo palikuwa na wakazi wasiohesabiwa katika sensa.

Watoto tunaowafundisha leo ndio watakaoamua yatakayobaki. Iwapo picha pekee ya maendeleo waliyo nayo ni zege na kioo, basi watajenga zege na kioo. Na iwapo tutawapa picha ya simba na mwana-kondoo wakilala pamoja chini ya mnazi, hawataiamini, kwa sababu nyumbani wameona panya akitafuna unga na nyoka akiuawa uani. Kazi ya mwalimu ni kuwapa picha ya tatu, iliyo ya kweli.

3. Mambo ambayo mwalimu hana budi kuyafahamu

Mwalimu asiingie darasani kabla hajayaelewa mambo matano yafuatayo, pamoja na mifano yake.

(a) Mji haujapata kuwa wa binadamu peke yake.

Mfano ulio karibu nasi ni mji wa Lamu. Vichochoro vya mji ule wa kale ni vyembamba mno kwa magari, na kwa karne nyingi mizigo imebebwa na punda: mchanga, mawe, mbao na magunia. Mpita njia hujibanza ukutani kumpisha punda. Punda wana zahanati yao ya kutibiwa. Mji huo uliwekwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, na mtoto akiuona katika picha hutambua kwamba upana wa njia, kimo cha mlango na mwendo wa watu vinaweza kupangwa kwa kumfikiria mnyama pia.

Mfano wa pili ni Nairobi. Hifadhi ya Taifa ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1946, ina eneo la kilomita za mraba 117 hivi, nayo iko kilomita chache tu kutoka katikati ya jiji. Ina simba, vifaru, twiga na nyumbu. Imezungushiwa ua katika pande zinazoelekea jiji, lakini upande wa kusini uliachwa wazi, kwa kuwa nyumbu na pundamilia hutoka kufuata malisho ya mbuga za Athi na Kapiti, kisha hurudi. Miaka yote hii mbuga hizo zimekuwa zikigawanywa, zikijengwa na kuwekewa nyua. Reli mpya ya kwenda Naivasha, iliyofunguliwa mwaka 2019, imevuka hifadhi hiyo juu ya daraja refu lenye nguzo, ili wanyama wapite chini yake. Wako waliosema kwamba hiyo ni njia njema ya kupatanisha reli na wanyama, na wako waliosema kwamba reli haikupasa kupita hapo kabisa. Mwalimu asiwaficheie wanafunzi ubishi huo. Ubishi huo ndio somo lenyewe.

(b) Kila kiumbe ana mahitaji manne: chakula, maji, makazi na njia.

Mahitaji matatu ya kwanza wanafunzi huyataja upesi. La nne husahauliwa, nalo ndilo mji hulivunja mara nyingi kuliko yote. Mnyama aliyefungiwa katika kipande kidogo cha msitu hawezi kufuata chakula msimu unapobadilika, wala kupata mwenzi asiye ndugu yake; kizazi chake hudhoofika pole pole. Huko Diani, pwani ya kusini ya Kenya, barabara ya lami ilikata msitu wa mbega, nao waliposhuka kuvuka waligongwa na magari. Kuanzia mwaka 1997 kikundi cha wahifadhi kilianza kutundika madaraja juu ya barabara, ngazi za waya wa chuma na mabomba ya plastiki zilizofungwa kutoka mti hadi mti. Mbega, kima na tumbili wakajifunza kuyatumia. Hapa pana jambo la kumfurahisha mtoto: daraja si lazima liwe la mamilioni ya shilingi, yatosha aliyelibuni awe amemtazama mnyama anavyotembea.

Kuhusu makazi, uko mfano wa Austin, mji ulioko katika jimbo la Texas, Marekani. Mwaka 1980 daraja moja la katikati ya mji huo lilijengwa upya, na chini yake zikabaki nafasi nyembamba kati ya vipande vya zege. Popo waliona kwamba nafasi hizo zinawafaa sana, wakahamia kwa maelfu. Watu waliogopa, wakataka wafukuzwe. Baadaye walielezwa kwamba popo hao hula wadudu kwa wingi kila usiku, na kwamba hawamdhuru mtu asiyewashika. Leo idadi yao wakati wa kiangazi hufikia milioni moja na nusu hivi, na watu husafiri kutoka mbali kuja kuwatazama wakiruka jua linapozama. Mhandisi hakukusudia kuwajengea popo nyumba. Swali la kuwapa wanafunzi ni hili: je, angekusudia, angeweza kufanya nini zaidi?

(c) Uchafu ni mwaliko.

Kunguru mwenye shingo ya kijivu, anayepiga kelele katika miji yetu ya pwani, si mwenyeji. Aliletwa Zanzibar kutoka India katika miaka ya 1890 ili ale taka za mji. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kosa la waliomleta ni kwamba walimpa mgeni jembe lililokuwa lao: kazi ya kusafisha mji. Kunguru alizaliana kwa kadiri taka zilivyozidi, akavuka bahari hadi bara, akawa anakula mayai na makinda ya ndege wengine. Zimeendeshwa kampeni za kumpunguza kwa mitego na sumu, lakini kila zilipolegea aliongezeka tena, maana chakula chake kilikuwa kingali jalalani. Katika jiji la Kampala wapo korongo wakubwa wenye vipara, ambao wenyeji huwaita kaloli. Nao pia hufuata majalala. Mji huchagua wakazi wake kwa kile unachokitupa. Mwanafunzi akilielewa hilo, hatamlaumu kunguru kabla hajatazama pipa la taka la nyumbani kwao.

(d) Kuishi pamoja si kukubali kila jambo.

Hapa ndipo mwanachuo wetu alipojikwaa, nasi pamoja naye. Wako viumbe wanaoua watu, na mwalimu anayesema kwamba wote ni rafiki huwa anasema uongo mbele ya mtoto aliyefiwa. Mbu waenezao malaria wana nafasi yao porini, lakini hatuna wajibu wa kuwaandalia mahali pa kuzaliana mijini. Wala tatizo hili halipungui kwa sababu mji umekuwa wa kisasa. Mbu mmoja mwenye asili ya Asia ya Kusini, aitwaye kitaalamu Anopheles stephensi, alionekana Djibouti mwaka 2012, na baadaye Ethiopia, Sudan na Kenya. Mbu huyo hupenda matangi, mapipa na visima vya maji vya mjini. Mchoro wa mji wa kesho wenye matangi yasiyofunikwa ni mchoro wa malaria ya kesho.

Hata hivyo, kuzuia si lazima kuwe ni kuua. Fikiria mbwa wa mitaani na ugonjwa wa kichaa cha mbwa. Kwa muda mrefu miji mingi ilijaribu kuumaliza ugonjwa huo kwa kuwapiga mbwa risasi au kuwatilia sumu, nao haukwisha. Mbwa wapya walizaliwa na wengine kuhamia, bila kinga yoyote. Wataalamu wa afya wamethibitisha kwamba asilimia 70 ya mbwa wa mahali wakichanjwa, na chanjo ikarudiwa kila mwaka, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Basi mbwa aliyechanjwa huwa ukuta kati ya mtoto na ugonjwa. Huu ni mfano mzuri wa kiumbe asiyefukuzwa wala kuachwa hivi hivi, bali anayewekewa utaratibu.

(e) Maji yana njia yake.

Bonde la Mto Msimbazi jijini Dar es Salaam ni njia ya maji tangu kale. Mvua za Desemba 2011 ziliua makumi ya watu jijini humo, na mabondeni ndiko kulikoharibika zaidi. Bonde lililoachwa na matete na mikoko hunyonya maji, hupunguza kasi yake na kuzuia tope. Mikoko nayo ni mahali pa kukulia samaki wadogo na kaa. Bonde lililojazwa kifusi halifanyi kazi hiyo. Kule Kigali, eneo oevu la Nyandungu lililokuwa limeharibiwa lilirudishiwa miti ya asili na mabwawa, likafunguliwa kwa watu kutembelea mwaka 2022. Ndege wamerudi, na maji ya mvua yana mahali pa kupumzika. Lakini tusisahau swali la gharama. Katika mabonde ya miji yetu wanaishi watu, wengi wao maskini, waliokwenda huko kwa sababu hawakuwa na pengine pa kwenda. Anayempa korongo nafasi bondeni sharti aseme mwenye nyumba ya bondeni atakwenda wapi, na nani atamlipa. Mpango usiojibu hilo si mpango wa mji, ni amri ya kufukuza.

4. Matayarisho na zana

Somo hili linafaa Darasa la IV hadi la VI, nalo linahitaji vipindi vinne. Zana zake ni rahisi: karatasi za manila au magunia ya saruji yaliyofunguliwa na kusafishwa, mkaa au penseli za rangi, kadi zilizokatwa kutoka maboksi, kamba, na jedwali la kuhesabia. Mahali ambapo hakuna karatasi, ramani inaweza kuchorwa uwanjani kwa kijiti, majani yakawa miti na vifuniko vya chupa vikawa nyumba.

Siku moja kabla ya kipindi cha kwanza, mwalimu azunguke mwenyewe katika eneo la shule, asubuhi na jioni. Ajue mbayuwayu wamejenga wapi, mchwa wako wapi, maji yametuama wapi. Vile vile aulize walimu wenyeji kama yumo mwanafunzi aliyefiwa kwa malaria, aliyeumwa na nyoka au aliyebomolewa nyumba. Hii si kwa ajili ya kulikwepa jambo hilo, bali kwa ajili ya kulipokea kwa heshima litakapotajwa.

5. Hatua za kufundisha

Kipindi cha kwanza: Sensa ya wakazi wasiohesabiwa. Wanafunzi wagawanywe katika vikundi vya watu watano au sita. Kila kikundi kipewe sehemu yake: paa na kuta, mti mmoja, mfereji, jalala, ua. Waandike katika jedwali kiumbe waliyemwona, wangapi, anafanya nini. Wasiishie kwa wanyama wakubwa. Mjusi kafiri, kereng'ende, konokono na nyuki waandikwe. Onyo la lazima litolewe mapema: mtu asimguse popo, nyoka wala mbwa asiyemjua, na wote wanawe mikono kwa sabuni wakimaliza. Wafahamishwe pia kwamba aliyeumwa na mbwa huosha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha hupelekwa hospitali siku hiyo hiyo.

Kipindi cha pili: Kadi za mahitaji manne. Kila kikundi kichague viumbe watatu kutoka katika jedwali lake. Kwa kila kiumbe waandike kadi: anakula nini, anakunywa wapi, analala wapi, anapita wapi. Upande wa pili waandike mambo mawili: anatufaa nini, na anatudhuru nini. Mwalimu asiruhusu upande wowote ubaki mtupu kwa sababu ya mapenzi au chuki. Bundi, kwa mfano, watoto wengi wameambiwa ni ndege wa mkosi. Lakini wakichunguza atakacho, wataona kwamba windo lake kubwa ni panya.

Kipindi cha tatu: Baraza la Mji. Wanafunzi wagawane vyeo: mwenyekiti, mhandisi, mama lishe, mwenye nyumba ya bondeni, dereva, bwana afya au bibi afya, na wengine wasemee viumbe wa kwenye kadi. Lipelekwe shauri moja tu mbele ya baraza, lililo halisi katika mtaa wao. Kwa mfano: je, dimbwi lililo nyuma ya soko lifukiwe au lifanywe bwawa? Kila msemaji apewe dakika mbili. Baraza liamue kwa kujibu maswali manne: Nani apewe nafasi? Nani awekewe mpaka, na mpaka upi? Nani azuiwe, na kwa njia gani? Nani atalipa gharama? Kazi ya mwalimu katika kipindi hiki ni kunyamaza zaidi na kuliuliza la nne wanapolisahau.

Kipindi cha nne: Kuchora mji. Sasa ndipo ichorwe ramani ya mji wa miaka hamsini ijayo. Pawe na masharti matatu. Kwanza, maji ya mvua yaonyeshwe yanatoka wapi na kuishia wapi. Pili, kila kiumbe aliyepewa makazi awe na njia ya kuyafikia. Tatu, pembeni pawe na ufunguo wa ramani unaotaja aliyezuiwa na jinsi alivyozuiwa. Baada ya masharti hayo mtoto awe huru. Akitaka ghorofa la orofa arobaini, na alichore. Lakini aulizwe ndege atakayeruka jioni atakitambuaje kioo, na mbayuwayu ataingilia wapi. Tumeona watoto wakibuni matundu ukutani, madirisha yenye mistari na taa zinazoelekezwa chini badala ya angani. Hayo yote yamo katika ujenzi wa kweli, ingawa hakuna aliyewafundisha.

6. Matatizo yanayoweza kutokea

Tatizo la kwanza ni kicheko. Mtoto akitaja panya, kunguni au nzi, wenzake hucheka, na mwalimu mgeni huvutwa kucheka nao. Akumbuke kwamba swali linalochekesha darasa mara nyingi limetoka mahali pa uchungu. Alirudie kwa sauti ya utulivu, aliandike ubaoni, aulize: "Nani mwingine amekutana na jambo hili?"

Tatizo la pili ni mwalimu kulijibu yeye shauri la baraza. Huenda wanafunzi wakaamua dimbwi lifukiwe, naye alitaka bwawa. Ikiwa wamejibu maswali yote manne kwa hoja, uamuzi wao uheshimiwe. Hatuwafundishi kukubaliana nasi; tunawafundisha kupima.

Tatizo la tatu ni kuishia kwenye karatasi. Kila darasa lifanye walau jambo moja lililo katika uwezo wao: kufunika pipa la maji la shule, kuzibua mfereji, kupanda mti wa asili mahali mbayuwayu na nyuki watakapoufikia.

7. Kupima maendeleo ya wanafunzi

Uzuri wa mchoro usiwe kipimo pekee. Tunapendekeza mwalimu atazame kama mwanafunzi anaweza kutaja mahitaji manne ya kiumbe mmoja. Kama anaweza kueleza faida na madhara ya kiumbe huyo huyo. Na kama anaweza kusema ni nani anayepoteza kitu katika mpango wake. Anayeweza la tatu amelielewa somo, hata kama twiga wake amefanana na mbuzi.

8. Hitimisho

Yule mwanachuo wetu aliomba arudie somo katika darasa lile lile, nasi tukaliandaa upya pamoja naye kwa hatua tulizozieleza. Katika Baraza la Mji, msichana wa dirishani alichagua kuwa bibi afya. Mvulana aliyesemea popo alisimama akajigamba kwamba yeye hula wadudu usiku kucha, kwa hiyo mji umwachie dari zote na usihangaike na mbu. Msichana akamjibu: "Ukila mbu mia leo, na tangi langu liko wazi, kesho watazaliwa mia wengine. Tangi kwanza. Halafu dari nitakupa." Safari hii darasa halikucheka. Mwenyekiti aliyaandika maneno hayo kuwa uamuzi wa baraza.

Ramani ya kikundi chake ilikuwa na bwawa lenye samaki, nyumba zenye nyavu madirishani, mnara wa popo, na matangi yote yamefunikwa. Katika ufunguo wa ramani, kwa mwandiko wake, aliandika: "Mbu: haruhusiwi kuzaliwa hapa." Hatudai kwamba somo lilimwondolea msiba wake. Tunasema tu kwamba mara ya kwanza tulimwomba akubali mji usiomjua mdogo wake, na mara ya pili alipewa mji wa kuupanga.

Nasi tumeongeza kitu katika kazi yetu. Chini ya alama za fomu ya kupimia ufundishaji huacha mistari mitatu mitupu, na kabla ya kutia sahihi huandika humo swali moja lililoulizwa na mwanafunzi katika kipindi hicho. Siku tusipopata la kuandika, huona haya, na hukaa na mwanachuo tukautafuta mahali ambapo swali lilikaribia kutokea.